Nyumba Isiyo na Mjomba

Siku ya harusi yangu mjomba wangu alikuwa wa kuazima. Alikuwa jirani wa bibi yangu kule Mkunya, fundi cherehani, mtu mpole, na alikubali kazi hiyo kwa sababu bibi alimwomba na kwa sababu aliahidiwa mguu mzima wa mbuzi. Wakwe zangu walipouliza, kama inavyopaswa kuulizwa, "Nani mwenye mtoto huyu?" mzee wa watu akasimama, akaweka kofia sawa, akasema, "Mimi hapa." Wakamtaka ataje ukoo. Akatazama mkeka. Akamtazama bibi. Kisha akataja ukoo wake mwenyewe, na kwa kuwa nusu ya waliokuwa pale walikuwa shemeji zake, kicheko kilianzia kwa wanaume kikazunguka hadi jikoni. Mimi, bibi harusi niliyefunikwa khanga, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu jambo hilo si dogo. Mmakonde ni wa ukoo wa mama yake, na hata Wamakua wa upande wa baba yangu ni hivyo hivyo. Baba anakulisha na kukusomesha, lakini siku ya kuolewa, ya kuumwa, ya kuzikwa, anayeitwa ni mjomba. Asipokuwepo, watu hushusha sauti, halafu mmoja husema lile neno: nyumba hii haina mjomba. Nyumba yetu haikuwa naye. Tangu bibi alipovuka Ruvuma na mtoto mmoja wa kike mgongoni, hatukuwa na mwanamume hata mmoja wa damu yetu upande huu.

Bibi alizaliwa ng'ambo, kwenye uwanda wa Mueda, Wareno wakiwa bado wanatawala huko. Wazungu waliogawana nchi waliutazama mto kwenye ramani, wakaona umekaa vizuri, wakaufanya mpaka. Watu wa pande mbili walikuwa wakioana, wakizikana, na wakichekana matamshi. Waliendelea hivyo hivyo, mto ukivukwa kwa mtumbwi masika na kwa miguu kiangazi, mpaka vita vya kumwondoa Mreno vilipoanza. Ndege zikaanza kupita, vijiji vikachomwa. Mume wa bibi alikamatwa na askari na hakuonekana tena. Yeye akabaki na mtoto mchanga, ambaye ndiye mama yangu, na mdogo wake wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka unyagoni.

Walikimbia wote wawili hadi ukingoni mwa mto. Pale mdogo akasimama. Mama yao alikuwa amebaki nyumbani, miguu haimwezi, na alikuwa amewafukuza watangulie.

"Vuka na mtoto," alimwambia bibi. "Namfuata mama. Nitakuja naye."

Bibi akavuka. Akakaa upande huu kwenye matete, akawangoja, akiuliza kila aliyefika. Mwishowe wakaja watu wa kijiji chao wakamwambia asingoje. Nyumba zote zilichomwa, na hakuna aliyebaki.

Wengi waliovuka walipakiwa kwenye malori wakapelekwa makambi ya wakimbizi upande wa Lindi. Bibi alikataa kupanda lori. Akapanda uwanda wa Newala kwa miguu, mtoto mgongoni, kwa sababu, aliniambia baadaye, huku juu unaliona bonde lote, na kama mdogo wake angekuja angemwona kabla hajaonekana na mtu mwingine. Watu wa Mkunya walimpokea. Walimpa shamba, walimpa mbegu ya muhogo, na mmoja wao, mtu mzima aliyefiwa na mke, akamwoa. Hakujaaliwa mtoto mwingine. Wema wao siwezi kuukana. Lakini walimwita Mmawia, jina wanaloitwa watu wa ng'ambo, na lilitamkwa kwa namna ya kukukumbusha kwamba umefika jana. Maji kwetu ni ya shida tangu enzi na enzi, na zamu ya bibi ilipofika kisimani hakukosekana mtu wa kusema, "Wenyeji kwanza." Bibi alisogeza ndoo yake nyuma. Alikuwa na nembo za chale usoni, mashavu yote mawili, na tundu la ndonya, kile kipini cha mti, kwenye mdomo wa juu, lililokuwa limeanza kujifunga, kwa hiyo hata angetaka kujificha asingeweza.

Mama yangu alikua, akasoma, akaolewa Lulindi na mwalimu wa Kimakua, mtoto wa familia ya kanisani tangu enzi za wamisionari. Mama mzaa baba alipoambiwa bibi harusi hana mjomba aliuliza, "Kwani mwanangu anaoa ukoo gani, ukoo wa mto?" Baba aliitikia kwamba kama ni hivyo, basi ndio huo. Nampenda baba kwa mengi, lakini kwa jibu hilo zaidi. Nikalelewa Lulindi kwa kengele ya kanisa, na likizo nikapelekwa Mkunya kwa bibi, ambaye alikuwa amesilimu kwa mume wake. Nilivaa nguo mpya Krismasi na nilivaa nyingine Idi, na nikawa najua nyimbo za pande zote.

Ila bibi alikuwa na wimbo mmoja usio wa kanisa wala wa maulidi. Aliuimba akimenya muhogo. Baba yake aliwahi kwenda Tanganyika kukata mkonge, akarudi na vidole vilivyokauka na wimbo alioutunga mwenyewe njiani. Kwa Kimakonde unachekesha zaidi, lakini maana yake ni hii: nimekata mkonge hadi vidole vimesahau kushika tonge, na nyumbani kwangu kuna nyani wawili wa kike, wananilia muhogo wangu na kunicheka. Nyani hao walikuwa bibi na mdogo wake. Kila alipofika mahali pa nyani bibi alipunguza sauti, na mimi, ingawa nilikuwa mdogo, nilijifunza kutouliza.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa historia, nikapangiwa sekondari Newala mjini. Nimefundisha mgawanyo wa Afrika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nachora Ruvuma ubaoni kwa chaki ya bluu, naandika Wajerumani juu na Wareno chini, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, sisi tuna ndugu pale chini." Nami huwajibu, "Hata mimi." Nilikuwa nasema tu. Niliamini ndugu zangu wa pale chini ni majivu.

Mambo yaligeuka kwenye sherehe ya kuwatoa watoto jandoni, Mkunya, mwezi wa Desemba, korosho zikiwa zimeshauzwa na watu wana nafasi ya kucheza. Mchana ule bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, mimi nimekaa kando yake namshikia mwavuli. Yeye alikuwa haoni vizuri tena, ila masikio yake yalikuwa yale yale. Uwanjani walikuwa wanacheza mapiko. Asiyejua ajue kwamba lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani, na anayekivaa si mtu tena, ni mzimu uliokuja kutazama watoto. Mwanamke halisogelei lipiko. Likija upande wetu tunapiga kelele na kukimbia, hata sisi wenye vyeti vya chuo kikuu, na ndiyo raha yake.

Kikundi kile kilikuwa cha vijana wa Mkunya, lakini mwimbishaji alikuwa mgeni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye kifua kipana, mfanyabiashara wa ng'ambo aliyekuja Masasi kununua vitenge, akazoeana na wapiga ngoma wetu, wakamwomba aje awaimbie kwa sababu sauti yake inajaza uwanja. Aliimba nyimbo mbili tatu tunazozijua. Kisha ngoma ikabadilika mwendo, akaanza nyingine.

Nilihisi mkono wa bibi ukinibana paja. Kabla sijageuka alikuwa ameshasimama.

"Bibi, unakwenda wapi?"

 Aliweka fimbo mbele akaingia uwanjani. Wanawake wakapiga kelele arudi. Lipiko lilikuwa katikati, linatikisa mabega, na bibi alikuwa analielekea moja kwa moja. Aliyekuwa ndani ya kinyago nadhani aliona jambo ambalo hakufundishwa alifanyeje, kwa sababu alirudi nyuma, akarudi tena, halafu akageuka akakimbia. Ni mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kuona lipiko likimkimbia mwanamke. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bibi akapita palepale lilipokuwa limesimama, akaenda mpaka mbele ya mwimbishaji.

"Wimbo huo kakufundisha nani?" alimwuliza kwa Kimakonde.

Yule bwana alishangaa. "Mama yangu."

"Mama yako kautoa wapi?"

"Kwa baba yake. Aliutunga akitoka kwenye mkonge."

Nilikuwa nimeshafika, nimemshika bibi kiuno nikidhani ataanguka. Hakuwa anaanguka. Alikuwa amesimama wima kuliko nilivyomwona miaka mingi.

"Mama yako," alisema, "mguu wake wa kushoto una vidole vingapi?"

Mwimbishaji akamtazama bibi usoni. Kisha akasema polepole, "Kidole kidogo hakuna. Alikatwa na jembe utotoni."

"Ni mimi niliyemkata," bibi akasema. "Nilimwambia asogee, hakusogea. Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Mueda. Jana tu alinipigia simu kunigombeza."

Sijui nani alianza. Nakumbuka tu kwamba yule mwanamume mwenye kifua kipana alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, ameshika miguu ya bibi, analia kwa sauti ile ile iliyojaza uwanja. Alikuwa anasema, "Mama mkubwa, mama mkubwa," na maneno ya Kireno ambayo sikuyaelewa. Bibi alimwekea mkono kichwani. Na kwa kuwa bibi ni bibi, jambo la kwanza alilomwambia mwanawe huyo lilikuwa, "Sema shikamoo. Huku tunasema shikamoo."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba."

Wazee wa jando walikuwa wamekusanyika, wakali, maana ngoma ilivunjwa na mwanamke na mwiko huo una faini yake. Walinong'onezana kwa muda mrefu. Mwisho kiongozi wao, ambaye nilikuwa namsikia tangu utoto akisema "wenyeji kwanza" kisimani, alikuja akasimama mbele ya bibi. "Tulitaka kukutoza kuku," alisema. "Lakini umeingia kumchukua mtoto wako, na sisi leo tunatoa watoto. Tutakutoza vipi?" Halafu akawageukia wapiga ngoma akawaambia waanze tena, na huo huo wimbo, kuanzia mwanzo. Uliimbwa hadi jua likaanza kushuka. Lipiko nalo likarudi, ila lilikaa mbali na bibi.

Jioni hiyo tulimpigia simu bibi mdogo, yule mdogo wake bibi, mjomba wangu akiwa ameishika, sauti imefunguliwa wote tusikie. Nasema mjomba wangu. Nilikuwa nalijaribu neno hilo mdomoni kama mtu anayejaribu viatu dukani.

"Mama, kuna mtu anataka kukusalimu," alisema, akamwelekezea bibi simu.

"Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyezoea kutoa amri.

Bibi aliiinamia simu. "Mimi nyani mkubwa."

 

"Nyani mkubwa alikufa mtoni," sauti ikasema.

"Hakufa. Yuko Mkunya anakula muhogo."

"Siku tunaachana ulinipa nini mkononi?"

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Sikukupa kitu. Nilikunyang'anya ungo. Ulikuwa unakimbia na ungo kichwani kama unakwenda kupepeta mchele, nikakunyang'anya nikautupa, ukaanza kulia."

Kilichosikika baada ya hapo hakikuwa maneno. Ilikuwa sauti ndefu iliyopanda, nikadhani ni kilio mpaka nilipotambua kuwa ni kigelegele. Mwanamke mzee alikuwa amesimama peke yake kwenye ua wa nyumba yake Mueda, anapiga kigelegele, na majirani zake walianza kumwitikia bila kujua kuna nini.

Kuja kwake hakukuwa rahisi. Upande wao kuna machafuko ya miaka hii, watu wamekimbia, barabara zina vizuizi, na upande wetu askari wana haki ya kuuliza maswali. Wapo walioniambia mwalimu, ngoja mambo yatulie. Bibi alisema amengoja kwenye matete na hahitaji kufundishwa kungoja. Mdogo wake naye alimwambia mwanawe kwamba yeye alishapita barabara zenye risasi akiwa msichana, hizi zenye vizuizi atazipita kwa kitambulisho. Mjomba akaenda kumfuata. Njia waliyoichagua ni ya daraja, si ya mtumbwi. "Sivuki kwa kujificha," alisema. "Safari hii navuka watu wananiona."

Sisi tulikodi gari dogo Newala, tukashuka Lulindi kumchukua mama, tukapita Masasi chini ya yale majabali, tukaelekea Mtambaswala. Mama alikuwa ameshika kitambaa njia nzima. Alikuwa amezeeka akijua kwamba duniani ana mama tu. Pale darajani tulizuiwa kwenye kizuizi, maana bibi hakuwa na pasi ya kusafiria na hakuwa na haja nayo. Tukasimama juani tukitazama ng'ambo.

Tulimwona kabla hajatuona, kama bibi alivyotaka tangu zamani. Alikuwa ameshuka kwenye gari na kukataa kupanda tena. Alikuwa anatembea katikati ya daraja, mwanamke mrefu mkavu aliyevaa kitenge kipya na koti, na kifuani mwa koti hilo nishani zinang'aa. Mjomba alikuwa nyuma amebeba mabegi, anajitahidi kuendana na mwendo wake. Afisa wa uhamiaji, kijana mwenye adabu, alimsalimu shikamoo akachukua pasi yake.

"Lengo la safari, mama?"

Mjomba alimtafsiria. Akajibu kwa Kimakonde, na mjomba akatafsiri tena: "Kumtembelea dada."

"Dada anaishi wapi?"

Safari hii hakungoja tafsiri. Alinyoosha kidole. "Pale," alisema kwa Kiswahili.

Afisa alitutazama sisi, akamtazama yeye, akamtazama bibi na nembo zake mashavuni, kisha akatazama nembo zile zile kwenye mashavu ya mdogo wake. Akagonga muhuri. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau: alikwenda mwenyewe akainua kizuizi, chuma chote, kama vile anapita mkuu wa mkoa, ingawa mwanamke mmoja aliyekonda angeweza kupita pembeni.

Hawakukumbatiana mara moja. Bibi aliinama, kwa taabu, akamshika mdogo wake mguu wa kushoto, akakitafuta kidole kisichokuwepo. Alipokikosa ndipo alipoamini. Akainuka.

"Umechelewa," alisema.

"Ulisema utangoja mtoni."

"Nilingoja. Mama yuko wapi?"

"Nilimzika mwenyewe. Nilimkuta akiwa hai, akafia mikononi mwangu. Alikunywa maji."

"Alikunywa maji," bibi akarudia, na hapo ndipo wakashikana. Malori yalikuwa yamesimama pande zote mbili za kizuizi na hakuna dereva aliyepiga honi.

Habari yake aliisimulia garini, tukiwa tumebanana, yeye na bibi wamekaa wameshikana mikono kama wasichana. Baada ya kumzika mama yao alichukuliwa na wapigania uhuru. Alibeba risasi kichwani, kisha akapewa bunduki yake mwenyewe. Tulipofika Masasi, kwenye njia panda, aligonga bega la dereva asimame. Akaonyesha barabara inayokwenda Nachingwea.

"Kule nilifundishwa kulenga shabaha," alisema. "Nilikaa kambini. Niliuliza kila mtu habari zako, nikaambiwa waliovuka wako Lindi makambini. Nikaomba ruhusa kwenda kukutafuta, nikanyimwa, nikarudishwa vitani."

Bibi alimtazama. "Miaka hiyo nilikuwa naleta muhogo mkavu hapa Masasi sokoni."

 Mimi nilikuwa nafikiria wale wasichana wawili, mmoja na bunduki na mmoja na kikapu, pengine kwenye njia panda hiyo hiyo kwa siku tofauti, nikahisi hasira nisiyojua nimpelekee nani. Ni bibi mdogo aliyeivunja. Alianza kucheka, kwanza puani, kisha mwili mzima.

"Kumbe ule muhogo mbaya tuliokuwa tunapikiwa kambini ulikuwa wako!"

"Muhogo wangu haukuwa mbaya!"

"Ulikuwa na mchanga."

Waligombania muhogo ule kutoka Masasi hadi tulipoanza kupanda kona za Newala, na dereva alicheka hadi akalazimika kupunguza mwendo.

Mkunya walikuwa wametusikia. Sijui ni nani aliyepiga simu, lakini tulipoingia barabara ya kijiji wanawake walikuwa wamepanga mistari na matawi mikononi, na waliokuwa mbele ni wale wale wa kisimani na binti zao. Walimbeba bibi mdogo juu juu, askari mzima na nishani zake, akipiga kelele kwamba ashushwe. Hawakumshusha. Kulikuwa na ndoo za maji zimejaa mlangoni kwa bibi, za rangi zote, zimepangwa hadi kwenye mkorosho, kila nyumba imeleta yake. Nani aliyeishi huku na asijue maana ya mtu kukuletea maji bila kuombwa? Bibi alizitazama ndoo zile, akavuta ukaya wake, akafuta macho.

Nao walikuwa wamekuja wakati mzuri, kwa sababu binti yangu mkubwa alikuwa ameshachumbiwa. Familia ya kijana ni ya Newala mjini, watu wenye majina na wenye kujua taratibu zao. Mwezi uliofuata wakaja na wazee wao, wakakaa kwenye mikeka kwa bibi, Waislamu, Waanglikana, na bibi mdogo na rozari yake shingoni. Mshenga akauliza swali lile lile lililowahi kuniaibisha.

"Nani mwenye mtoto huyu?"

Mjomba alisimama. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu aliyoshonewa na yule fundi cherehani wetu, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele na kufurahi kuliko wote. Mjomba hakukohoa wala hakutazama mkeka. Alitaja ukoo wetu kwa ile sauti yake. Akamtaja mama yake, na mama wa mama yake aliyezikwa ng'ambo, na mama wa huyo, akashuka nao ngazi kwa ngazi hadi kwa mwanamke wa kwanza ambaye hata bibi alikuwa amesahau kuwa anamjua. Aliyataja mashamba waliyolima na milima waliyotoka. Kisha akasema kwa Kiswahili chake chenye Kireno ndani, "Mtoto huyu ana wenyewe. Wako huku na wako kule. Mkimtesa, tutakuja kutoka pande zote mbili."

Wakwe walicheka, lakini niliona mzee wao anakaa vizuri. "Tumesikia," alijibu kwa heshima. "Tumekuja kwa watu."

Mimi nilikuwa mlangoni na vyombo mikononi. Nilitaka kupiga kigelegele na sauti haikutoka, kwa hiyo alinipigia binti yangu mwenyewe, kutoka chumbani alikofichwa, kinyume cha desturi zote, na akina shangazi wakamziba mdomo.

Kilichofuata kilikuwa kula na kucheza, hadi vumbi likapanda juu ya mikorosho. Bibi mdogo aliwafundisha wasichana kutembea kwa mwendo wa jeshi, wakampita bwana harusi wakimpigia saluti, na bibi akawa anawakosoa hatua kana kwamba naye alikuwa kambini. Katikati ya yote hayo nilimtafuta mama yangu. Nilimkuta jikoni nje, karibu na moto, amemkalisha bibi mdogo kwenye kiti kizuri, na hampi nafasi ya kupumua.

"Mama mdogo, wali huu hapa. Mama mdogo, unataka mchuzi? Mama mdogo, kiti hakikuumizi?"

Ni mwanamke mwenye wajukuu, na hakuwahi kumwita mtu yeyote jina hilo. Alikuwa hana la kumwuliza tena, lakini aliendelea.

"Mama mdogo."

"Nakusikia, mwanangu," bibi mdogo akasema, mdomo umejaa wali. "Nasikia vizuri. Ita tena."